Ukurasa wa Mwisho wa Batang Serai

Shangazi Rugayah aliijua kwa moyo historia ya ufalme wetu wa Batang Serai, sultani baada ya sultani, isipokuwa mwisho wake. Hakuna aliyeujua. Mara moja kwa mwaka kitabu cha ufalme kilitolewa kwenye kitambaa chake cha manjano, udi ukifuka na wali wa manjano ukisubiri, kikasomwa kwa sauti siku tatu. Msomaji alikifunga kabla ya ukurasa wa mwisho. Ukisomwa huo, ufalme nao umekwisha. Ndivyo tulivyoamini, na anayetaka kucheka acheke kwao.

Aliyekinakili ni babu yangu, baba yake Shangazi, karani wa sultani. Alikufa kwa ugonjwa wa kifua Shangazi akiwa na siku arobaini, hakumwachia hata kofia. Basi kila mwaka binti alikaa mbele kabisa kusikiliza, kwa kuwa maneno yale yalipita mkononi mwa baba yake. Alipofika miaka kumi na miwili, ofisa mmoja wa kikoloni, Mholanzi, alikiazima kitabu kwa wiki mbili. Hakikurudi. Baadaye ufalme ukafa hivyo hivyo, bila kusomewa chochote.

"Hao wakiazima ndio wameoa, hawarudishi," Shangazi alikuwa akisema, akitema tambuu. Alicheka.

Nilipopata ualimu mjini, nilikuta katika maktaba ya shule kitabu kinene cha historia ya fasihi ya dunia. Wagiriki walipewa kurasa sitini, Waajemi thelathini. Batang Serai mistari miwili: tarihi ya ufalme mdogo, haina uzito, imehifadhiwa Uholanzi, ukurasa wa mwisho una mambo ya nyumbani ya mnakili tu, kuhusu kuzaliwa kwa binti. Nilikasirika, halafu nikausoma tena mstari wa pili: binti huyo ni Shangazi.

Niliandika barua Uholanzi. Baada ya miezi minane ikaja picha ya ukurasa ule, nami nikapanda boti ya mtoni kwenda nyumbani. Wakati huo Shangazi alikuwa haoni tena.

"Umeleta nini, mwalimu? Unahema kama umeiba bata."

"Nimeleta ukurasa wa mwisho, Shangazi. Baba yako amekuandika."

Akaniamuru nipike kwanza wali wa manjano. Nikapika, ukaungua chini.

"Kwa wali huu mke utamsikia kwa majirani," akasema. "Haya, soma."

Nikasoma: "Kitabu kimekamilika Ijumaa, mvua ikinyesha. Makosa ni yangu, mnisamehe, mkono unatetemeka. Jana mke wangu amejifungua binti. Nimemwita Rugayah. Ana nywele nyingi, na hataki kufunikwa."

Alilia bila kujificha. Halafu akanishika mkono.

"Umebaki kiasi gani?"

"Mstari mmoja."

"Uache."

"Shangazi, ufalme ulishakwisha zamani."

"Nani kataja ufalme? Nikishausikia huo, mwanangu, nitangoja nini tena?"

Kwa miaka minne, kila likizo aliniuliza kama mstari wake bado upo, nami nikamjibu upo. Mimi niliujua, na sikuthubutu kumvunjia neno lake. Najuta mpaka leo. Siku alipozikwa nilisubiri watu waondoke, nikaikunjua picha, nikamsomea kwa sauti:

"Wewe unayesoma, mimi sitamwona akikua. Ukimkuta mwanangu, tafadhali msomee haya yote."