Taa ya Njano ya Boga

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya hospitali, hapa Bunia, shefu wa ateliye, mkuu wa karakana hiyo, alinipa kisahani cheupe, kidogo kama kucha, akaniambia nitafute kasoro yake. Nilikigeuzageuza asubuhi nzima, nikamjibu hakina kasoro.

"Iko nayo mingi sana," akasema. "Na ni ile kasoro inafanyaka kazi, hapana weye."

Alikuwa mkali wa mdomo na mwepesi wa moyo, nilimpenda. Kisahani kile, alinifundisha, ni zirkonia, kauri ya metali ya zirkoniamu na oksijeni, iliyotiwa itria kidogo, yaani oksidi ya itriamu. Atomu ya itriamu hushika oksijeni chache kuliko ya zirkoniamu, basi ndani ya kauri hubaki nafasi tupu. Ikipata moto sana, oksijeni huruka toka nafasi hadi nafasi, na umeme unaotokea hutuambia kiasi cha oksijeni iliyomo hewani. Ikiwa baridi hakuna kinachosogea, na kipimo hudanganya.

Visahani hivyo hukaa ndani ya mashine za oksijeni za wagonjwa. Oksijeni ikipungua, taa ya njano huwaka. Kwa kiherehere cha ufundi mpya nilibandika karatasi kwenye kila mashine: TAA YA NJANO, ZIMA, ITA FUNDI. Sikufikiri kwamba dakika za kwanza, kabla kisahani hakijapata moto, taa huwaka njano bure.

Nilikuwa kijijini Boga, nyuma ya kituo cha afya cha huko, nikishughulikia jenereta, walipoleta mtoto mwenye nimonia. Niliingia nikakuta midomo yake imekuwa ya buluu na mashine imezimwa. Mama titulaire, muuguzi mkuu wa pale, alikuwa ameiwasha na kuizima mara mbili.

"Taa iko njano, Papa. Nilifuata karatasi."

Niliiwasha, nikarudisha mrija puani. "Wacha ipate moto," nilimwambia. Mama wa mtoto alishika mguu wake mdogo. Taa ilizimika, midomo ikarudia rangi yake polepole.

Niliporudi Bunia, shefu aliuliza nani alizima mashine. Nikajibu: muuguzi, nikaificha habari ya karatasi yangu. Yeye akapata barua ya lawama, mimi nikabadilisha karatasi zote kimyakimya. Aibu hiyo nililala nayo miaka mingi.

Nilipostaafu walinifanyia karamu ndogo, wajukuu wangu wakiwepo. Mama titulaire alitoka Boga na kuku wawili. Walipomaliza kunisifu nilisimama, nikasema mbele ya wote ni nani aliyeandika karatasi ile.

"Kaa, Papa," akasema Mama titulaire. "Nilijuaka. Ile mwandiko yako mubaya, nani hawezi kuijua?"

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Weye ndiye ulikuwa unakuja, hata barabara ikiharibika. Wangekufukuza, nani angetutengenezea mashine?"

Nilikaa. Machozi yalinitoka mbele ya wajukuu wangu, na sikuyafuta.