Upande wa Kushoto, Nyuma

Jirani yangu alinifuata kwenye kamba ya nguo, akashusha sauti. "Mwenzangu, shemeji yako amerukwa na akili. Wenzake wanatoa maji kwenye boti, yeye anayaingiza kwa pampu!"

Shemeji ni kaka mkubwa wa mume wangu, mtu wa taratibu, hata viatu vyake huvipanga sambamba mlangoni. Miaka kumi na miwili alivusha watu ziwani bila kumlowesha abiria. Mwezi huu amepewa boti ya kitajiri, ile inayoacha wimbi nyuma yake, watu wakalipanda kwa ubao bila kushika kamba.

Nilimpelekea chakula, mtoto mgongoni. Jirani naye akaja nyuma yetu, eti anapunga upepo.

Tulimkuta gatini amejiinamia. Ndani ya boti mlikuwa na mifuko minene ya maji, ya kuongeza uzito ili wimbi likue, miwili kushoto, miwili kulia.

"Bosi anakuja saa tisa," alisema. "Akikuta wimbi ni povu tupu kama jana, naishia kuosha boti."

"Kwani tatizo nini?"

"Hata silijui. Nimepanga uzito sawasawa, shemeji. Boti haijalala upande hata kidole."

Nikacheka. "Mwanao huyu nikimwogesha, akiegemea upande mmoja tu, beseni linainama na maji yanapanda upande huo huo. Wewe unataka maji yasimame, halafu unayapiga pasi?"

Akanitazama, akaitazama boti. Kuilaza kwa makusudi! Kwake ilikuwa kama kuambiwa avae kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Lakini alimwaga maji ya mifuko ya kulia, akaivutia kushoto, kwa nyuma, akaijaza upya. Boti ikainama. Akaenda nayo, na nyuma yake, upande wa kushoto, wimbi likanyanyuka, laini, hadi usawa wa goti, kisha likakatika.

Alirudi anatabasamu kama mtoto. "Bado kidogo tu lisimame. Na mifuko imeshajaa."

Akajikuna kisogo, akaangalia vidole vyake vya miguu. Tangu nijifungue nimenenepa, na nyumbani ni yeye peke yake asiyenitania.

"Shemeji," akasema polepole, "usinielewe vibaya. Mpe jirani mtoto, vaa jaketi la kuokolea, uje unikalie hapa kushoto, nyuma."