Mama Aliniita Kutoka Kwenye Simu ya Mteja

Mama yangu alikuwa ameshazikwa zaidi ya mwaka mzima siku aliponiita kutoka kwenye simu ya mteja.

Usiniangalie hivyo. Sikuwa nimelewa, na mashetani sina.

Mimi ni msusi. Siku hiyo nilikuwa namsuka mama mmoja mgeni, mcheshi kweli kweli, amekuja mjini kumtembelea mwanawe. Nimefika nusu ya kichwa. Yeye kainamia simu anacheza gemu, vidole vyake vinakwenda mbio kuliko vyangu.

Ghafla simu ikasema: "Polepole, Kidoti! Maji yakimwagika hayazoleki."

Kitana kikanidondoka.

Kidoti ni mimi. Nina kidoti shavuni, na jina hilo alinipa mama. Sauti ilikuwa yake, mpaka kile kikohozi kidogo cha mwishoni.

"Mama, hebu rudia hapo," nikamwambia mteja.

"Nirudie kufa?" Akacheka. "Huyu mtoto wa ndoo kanishinda."

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, ndiyo utanielewa.

Nilikuwa na ndoto ya kutengeneza gemu. Wasusi nasi tuna akili, jamani. Msichana anapandisha ndoo ya maji kichwani kwenye ngazi za ghorofa, majirani wanafungua milango ovyo, paka wanakatiza. Akigonga kitu, maji yanamwagika. Ndiyo utoto wangu huo. Lifti ya jengo letu ilikufa kabla sijazaliwa.

Nilianza na programu moja ambayo unaiweka kwenye kompyuta yako mwenyewe. Inataka uandike maelekezo mstari kwa mstari, na ukikosea nukta moja inanuna. Lakini kazi yako unayo wewe, hata mtandao ukikatika. Nilichofanikiwa kutembeza kwenye kioo ni kisanduku cha kijani tu, ila nilikipigia makofi peke yangu.

Ndipo akaja Brashi.

Brashi alikuwa mchora mabango kibanda cha jirani, rafiki wa kufa na kuzikana. Brashi ya rangi haimtoki sikioni. Mama akiniletea chakula saluni, alikuwa anabeba na cha Brashi.

"Dada, unajitesa," akaniambia. "Kuna nyingine inafunguka mtandaoni tu. Huandiki kitu. Unaburuta vipande vya rangi, unavipanga kama matofali, gemu hiyoo!"

"Hii nimeshaizoea."

"Umeizoea wapi? Siku zote hizo una kisanduku! Anayeanza anaanza na chepesi. Hata akaunti usihangaike kufungua, mimi ninayo."

Nikakubali. Na kusema kweli, ilikuwa tamu. Brashi akachora ngazi na ndoo. Mimi nikapanga vipande: akigonga, maji yapungue, yakiisha, sauti itoke. Sauti tukamrekodi mama hapo hapo saluni, moja kwa moja ndani ya programu.

Kisha mama akaugua. Hospitali alikwenda, hakurudi.

Baada ya msiba nikamwomba Brashi afungue akaunti nimsikie mama, basi. Rekodi nyingine sikuwa nayo. Simu yangu ya zamani ilikuwa imekufa na kila kitu.

Akaangalia chini.

"Dada, pole. Programu imefuta kazi yetu yote. Nimewaandikia wenyewe, hawajibu."

Nililia msiba mara ya pili. Na yeye ndiye aliyenishika bega.

Muda si mrefu akahama, kapata kazi kwenye ofisi ya watu wa magemu. Nikamwombea heri. Mjinga mimi, nikamwombea heri!

Haya, turudi saluni.

"Mama, gemu hii kaitengeneza nani?"

"Mwanangu huyo!" Bega likapanda. "Ndiyo iliyompa kazi. Wenzake wanamwita Brashi."

Kichwa kikawa moto. 

"Hebu nisomee na haya maandishi ya mwanzo," akaendelea. "Macho yangu hayaoni vidogo. Kila nikimwuliza, ananiambia ni matangazo."

Nikasoma kwa sauti: "Gemu hii ni kumbukumbu ya marehemu mama yangu mzazi. Sauti unayoisikia ni yake."

Akageuza shingo, akanitazama.

"Rudia."

Nikarudia.

"Mimi nimekufa lini?"

Nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Nilipomaliza akasimama, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka.

"Mama, ngoja basi nimalizie."

"Maiti hasukwi, mwanangu. Twende."

Brashi alifungua mlango wa kwake anatabasamu. Akaona nywele za mama yake. Akaniona mimi nyuma yake. Tabasamu likaisha.

"Mama, ngoja nikueleze..."

"Unaongea na marehemu?"

Akanigeukia. "Dada, gemu ilikuwa imekaa tu. Wale watu wa ofisi ya magemu walitaka hadithi ya machozi, nikajikuta nimeshasema. Na picha si nilichora mimi?"

Nilitamani kumrukia. Niliyemwita ndugu! Alinitazama nikilia, na mama yangu kamfungia kwenye akaunti yake.

"Picha chukua," nikamwambia. "Gemu chukua. Nipe mama yangu."

Akafungua akaunti. Hakuna kilichofutwa. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na rekodi ilikuwa nzima, ndefu kuliko nilivyokumbuka. Kwenye gemu tulitumia kipande cha mwanzo tu.

Akabonyeza.

"Polepole, Kidoti! Maji yakimwagika hayazoleki." Kikohozi. Kisha mama, akidhani tumeshazima: "Sasa huo mchezo wenu unakaa wapi?"

"Mtandaoni, mama." Hiyo sauti yangu.

"Mtandaoni kwa nani?"

Tukasikika tunacheka, mimi na Brashi, tunamcheka mama hajui mambo ya kisasa. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Halafu mlio wa sahani. "Haya, Brashi mwanangu, sogea ule. Hujatia kitu mdomoni tangu asubuhi."

"Asante, mama."

Rekodi ikaisha.

Mama yake akamgeukia.

"Kumbe alikuwa anakulisha?"

Brashi akafunika uso kwa mikono.

Nilihamisha ile sauti, nikaondoka nayo. Sijamsamehe, nisijitie utakatifu hapa. Mama yake alirudi kesho yake nikammalizia nusu iliyobaki, na wote wawili hatukumtaja.

Siku hizi nimerudi kwenye ile programu yangu ya kununa. Msichana wangu ameshafika ghorofa ya pili.

Wengi mnaojua natengeneza gemu mnaniuliza anayeanza achague programu gani, ya kuandika au ya kuburuta. Yoyote, utaizoea tu. Ila kabla hujaweka humo kitu unachokipenda, uliza lile swali tulilomcheka nalo mama yangu.

Inakaa kwa nani?