Mgonjwa Aliyebuniwa na Kapteni

Siku yangu ya kwanza kazini Johannesburg, mwanzoni mwa mwaka 2015, nilikabidhiwa filimbi, mipira miwili iliyoishiwa upepo, na uwanja wa lami ambao nusu yake watu waliegesha magari. Ilikuwa shule ya msingi ya Jeppestown, katikati ya karakana. Mwalimu mkuu aliniambia kwamba netiboli ni mchezo mzuri wa kuwatuliza wasichana. Nilikuwa nimeufundisha Morogoro miaka mingi, na sijaona msichana aliyetulizwa nao.

Ninyi mnaofundisha sasa mna video za kila kitu. Sisi tulifundisha kwa miguu yetu. Jambo la kwanza ni kutua: ukidaka mpira hewani, mguu uliotangulia kugusa chini ndio mguu wako, na ukiuinua usiurudishe kabla hujaachia mpira. La pili ni sekunde tatu. Ukikaa na mpira zaidi ya hapo, refa anawapa wapinzani. Ni mchezo usiompenda mtu wa kusitasita, ndiyo maana niliupenda. Nami pembeni ya uwanja sikutulia: naenda, narudi, nafoka, nahamisha koni ambazo zilikuwa mahali pake.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa sekondari, chini ya mkuu wa michezo, Mzulu mpole aliyetanguliza "eish" kila alipoleta habari mbaya. Kapteni wangu huko alikuwa Aline, binti wa Kikongo aliyezaliwa hapa hapa. Kiswahili alikielewa chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Alicheza senta, yule anayeanzisha mpira na kukimbia karibu uwanja mzima.

Mwezi wa nne, 2017, nikiwa naoga, niligusa uvimbe kwenye titi la kushoto. Sikumwambia mtu. Niliongeza mazoezi: alfajiri, mchana, hata Jumamosi. Wasichana walinong'ona kwamba Mwalimu kapagawa. Niliogopa, tena sana. Niliona kama nikisimama tu, kitu kile kitanikamata.

Mwezi wa kumi shule iliamua timu zote zicheze na soksi za pinki na kuchangisha fedha kwa ajili ya kliniki inayopima saratani ya matiti. Mkuu wa michezo akanipa kazi ya kuwahamasisha wazazi wanaosema Kiswahili. Nikawatuma wasichana saluni, kwa mafundi cherehani, kwenye spaza, yale maduka madogo ya mitaani, na makanisani. Wakarudi mikono mitupu. Wazazi wale hawakuwa wachoyo. Mmoja wao akifiwa au kuuguliwa, mchango unapatikana kabla jua halijazama. Ila kila mlango uliuliza swali lile lile, na aliyelisema waziwazi ni Mama Aline, msusi na kiongozi wa kina mama kanisani kwake: "Siye tunachangaka juu ya mutu, hapana juu ya ugonjwa. Mugonjwa ni nani?"

Aline hakutaka timu yake iaibike. Akamjibu mama yake kwamba mgonjwa ni mwalimu mmoja wa shule, asiyetaka kutajwa jina. Alimbuni papo hapo. Fedha zikaanza kuingia, nami, nisiyejua lolote, nikamsifu kwa ushawishi wake.

Alichosahau ni kwamba kwetu mtu hamchangii mgonjwa akaishia hapo. Siku ya mechi, robo ya pili ikichezwa, kina mama waliingia getini na masufuria ya bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu. Walikuja kumjulia hali mwalimu. Mkuu wa michezo akanikimbilia. "Eish, Mwalimu. Kapteni wako amekiri kwamba alitunga. Nenda kawaambie hakuna mgonjwa." Aline, niliyempumzisha robo hiyo, alisimama nyuma yake, kichwa chini.

Nilikatiza uwanja mechi ikiendelea, kosa ambalo mchezaji wangu angelijutia. Maneno nilikuwa nayo tayari: ni utoto, mtusamehe. Nilipofika mbele ya Mama Aline yakagoma kutoka. Ningesema hakuna mgonjwa, ningekuwa nimeongeza uongo juu ya uongo.

"Ni mimi," nikasema. "Nina uvimbe titini tangu mwezi wa nne."

"Na munganga anasema nini?"

"Sijaenda hospitali."

Mama Aline akaweka sufuria chini, akanikazia macho kama mtu aliyeibiwa. "Tumepikia mutu mwenye anajificha? Kesho asubui tunakupeleka."

Wakanipeleka kweli. Ilikuwa saratani. Nilikatwa titi, nikapewa dawa zilizonimaliza nywele, na kina mama wakapokezana kunipikia. Fedha zilikwenda kliniki kama tulivyoahidi. Mama Aline ndiye aliyezipeleka mwenyewe.

Niliporudi kazini, Aline alikuwa ameacha netiboli. Nilikasirika, nikidhani ni mambo ya wavulana. Alinikwepa kwenye korido hadi akamaliza shule.

Nilistaafu mwishoni mwa 2019. Palikuwa na keki na hotuba, na mkuu wa michezo alilia kunishinda. Watu wanasema kustaafu ni kupumzika. Mimi nilihisi kama mchezaji aliyetolewa nje na pumzi bado anazo. Nikatoka kwenda uwanjani, na huko nikamkuta Aline, sasa mwanafunzi wa chuo Braamfontein. Kwa mara ya kwanza alinisemesha Kiswahili.

"Mwalimu, ni miye nilikuletea ugonjwa. Nilisema mwalimu ni mugonjwa, na kweli ukagonjwa."

Kwetu tunaita kuchuria, kutamka baya mpaka likaja. Mtoto alikuwa amelibeba hilo peke yake muda wote ule, na ndilo lililomtoa kwenye timu. Niliumia kuliko siku ya kisu.

"Uvimbe niliugusa mwezi wa nne," nikamwambia. "Wewe ulisema mwezi wa kumi. Chuo kizima hicho na huwezi kuhesabu miezi? Bila uongo wako ningeshazikwa na soksi zangu za pinki."

"Kwa hiyo si miye?"

"Si wewe, mwanangu."

Akaniuliza tena. Nikamjibu tena, na tena, wageni wakinisubiri kwenye keki.