Mahali Mzee Rutebuka Aliponyweshea Ng'ombe

Hadassa alikuwa na miaka minne walipokimbia milima ya Kivu Kusini. Mama yake, Kabanyana, alifia njiani, akazikwa hukohuko. Leo Hadassa ana miaka thelathini na mitatu, anatunza wazee hapa Buffalo, Marekani, ana nyumba ya mbao huku West Side yenye ngazi zinazolia kila ukizikanyaga, na bado hajui mama yake amelala wapi. Anayejua ni mtu mmoja tu duniani: baba yake, Mzee Rutebuka, anayeishi Louisville kwa Kagabo, kaka yake Hadassa. Mzee ana miaka themanini na moja, na mwaka huu ameanza kusahau majina ya wajukuu.

Usidhani Hadassa hajauliza. Ameuliza mpaka amechoka. Safari moja alipanda basi, akalala Columbus kwa rafiki, akafika Louisville miguu imevimba, akamfungulia mzee ramani kwenye simu. Akaivuta ikakua, akaivuta tena. "Papa, nionyeshe tu na kidole." Mzee aliitazama ile milima ya kijani iliyoenea kiganjani, akamrudishia simu yake. Kwao marehemu hatajwi kwa kuhojiwa, na nchi mtu huijua kwa kuikanyaga nyuma ya mifugo, haitazami kutoka juu kama mwewe. Hadassa alirudi Buffalo amenuna, na kwa kweli alikuwa na haki ya kununa.

Sasa, kati ya wazee anaowatunza yumo Cornelius Keeffe, kipofu, ambaye babu yake alitoka Ireland. Siku ya kwanza Hadassa alifanya kosa ambalo mkufunzi wake angemkemea. Hata kabla hajavua koti alimuuliza, "Wewe ni wa ukoo gani?" Wamarekani hawaulizani hivyo. Kumbe mzee wa watu alikuwa amelingoja swali hilo maisha yake yote! Akajibu kwamba ukoo wake ni O'Keeffe, wa Duhallow, tarafa ya zamani kusini mwa Ireland, na tangu hapo wakawa chanda na pete.

Alhamisi moja ya mwezi Mei, akimpaka mafuta miguuni, Hadassa alimuuliza aliijuaje nchi ambayo hajawahi kuiona.

"Kwa maji," alisema Cornelius. Babu yake, aliyekuwa akipakua nafaka kwa koleo bandarini, alimfundisha kuitembea akiwa amekaa kitini. Anza kaskazini, milima ya Mullaghareirk, unakotoka mto Allow. Huo ndio ulioipa nchi jina, maana Duhallow ni nchi ya Allow. Shuka nao hadi Kanturk, unapoingia mto Dalua ukitokea kwa akina MacAuliffe. Hapo Kanturk, mkubwa wa akina MacCarthy alianza kujenga ngome ya kutisha, wala hakuimaliza. Kisha unaufikia mto Blackwater: magharibi akina O'Keeffe, mashariki akina O'Callaghan, na kusini milima ya Boggeragh.

"Waingereza waliichora mipaka, wakaiita baroni, yaani tarafa," alisema. "Lakini watu wetu walihesabu utajiri kwa ng'ombe. Babu hakujali mipaka. Alijua ng'ombe walikunywa wapi."

Hadassa aliacha kupaka. Alijionea aibu. Binti wa mfugaji mzima, miaka yote hiyo, anamwonyesha baba yake simu!

Jumamosi mchana Kagabo alikuwa ametoka zamu yake ya ghalani Jeffersontown. Hadassa akapiga, Kagabo akaiweka simu mezani mbele ya mzee. Safari hii alianza na salamu, kwa Kiswahili cha kwao Kongo kilichochanganyika na Kifaransa, na hakumtaja mama hata kidogo.

"Papa, uliamuka muzuri?"

"Muzuri, mwana yangu."

"Papa, wakati tulitoka nyumbani, ngombe zilikunywa fasi gani ya kwanza?"

Hadassa alifungua daftari, akashika kalamu. Alikuwa na hofu, hofu kabisa, kwamba amechelewa. Kisha ikaja sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu utotoni, sauti ya mtu aliye kazini.

"Bon. Ya kwanza, Kabingo. Maji yake iko na chumvi kidogo, ngombe zinaipenda. Kisha tukapanda Gatare, tukashuka kwa mutoni, kule Murambi. Gaju, ile ngombe nyekundu, alikanyaga jiwe pale, akaanza kuchechemea."

Hadassa aliandika yote, pamoja na Gaju na jiwe lake.

"Kisha, papa?"

"Kisha Kinyoni."

Kagabo, aliyekuwa akila, aliweka kijiko chini.

"Kinyoni tulifika jua inapanda. Maji ya pale ni muzuri, ya baridi. Donc, siku ile sikunywesha. Nilichimbia mama yenu kando ya maji, na fimbo, na mikono. Ngombe zilikuwa na kiu, lakini zilisimama tu, zikaningojea mpaka nikamaliza."