Nilivyoharibu test ya thyroid na vitamini ya nywele ya bibi yangu

Niaje wakuu.

Wacha nianze na ile aibu yenyewe, ndio wenye mtacheka mcheke mapema tuendelee. Mimi, mwanaume mzima, baba ya watoto, operator wa combine, nilikuwa naiba vitamini ya nywele ya bibi yangu.

Zile za kutafuna. Ziko kama switi, ladha ya strawberry. Nilikuwa nazila nikiwa nimejifungia choo.

Hii story ni ukweli mtupu. Ningekuwa natunga, si ningejipatia part poa kidogo.

Sasa sikizeni.

Mimi naishi huku Mau Narok, kazi ni kuendesha combine, ile mashine kubwa ya kuvuna ngano. Mwaka jana nikaanza kushikwa na usingizi haieleweki. Nalala nikikula. Nalala nikiongeleshwa. Kanisani pia nalala, lakini hiyo hata wewe unalala.

Baridi inanishika jua ikiwa juu. Uso ikafura kama mandazi. Halafu nywele ya hapa mbele ikaanza kuhama, pole pole, bila kuaga.

Bibi yangu, Mama Shiro, akasema nimekuwa mvivu. Nikakubali, maana kubishana pia inataka nguvu.

Halafu siku moja nikalala juu ya combine. Na combine ilikuwa inaenda.

Mashine ilimaliza ngano, ikavuna fence, ikaingia kwa viazi ya jirani. Nilishtuliwa na nduru ya huyo jirani. Kuangalia mbele naona viazi. Nikajiuliza, kwani ngano ya siku hizi iko namna hii? Mungu ni nani, hakukuwa na mtu mbele.

Mzee mwenye mashine hakunifuta. Aliniambia tu niende hospitali, na kabla ya mavuno ya mwaka huu daktari aseme niko sawa. La sivyo combine inapewa Karis.

Karis ni beshte yangu, ndiye spare operator. Ni yule msee wa marvin, ile kofia ya sufu ya kufunika masikio, mvua marvin, jua marvin, lakini kwa hii baridi yetu nani atamuuliza. Ni mtu mzuri. Lakini siku hiyo mzee alitaja jina yake, nilimwona akiangalia ile mashine vile fisi anaangalia mbuzi inachechemea.

Kwangu mimi combine ndiyo kila kitu. Shule niliachia Form Two, sina karatasi yoyote ya maana. Juu ya hiyo kiti ndiyo mahali pekee watu wananiita fundi. Nikishushwa hapo, mimi ni msee tu wa kubeba magunia, na mgongo yenyewe haitaki.

Kwa hivyo nikaenda Nakuru. Wakapima damu, wakasema ni thyroid. Hiyo ni kitu iko hapa kwa shingo, inatengeneza hormone ya kukupea nguvu. Yangu ilikuwa imestaafu bila kunipea notice.

Nikapewa tembe za kujaza hiyo hormone imepungua. Ni tembe kidogo hata unaweza dharau. Lakini masharti! Unameza asubuhi, tumbo tupu, na maji peke yake. Halafu unangoja kama lisaa limoja ndio ukunywe chai.

Wakuu, mnajua vile ni kumwambia mtu wa Mau Narok angojee chai ya maziwa? Huku chai ndiyo inatuamsha. Daktari alisema maziwa inazuia dawa kuingia vizuri. Nilikuwa nakaa nikiangalia thermos kama mtu amewekwa rumande.

Anyway, nikafuata. Usingizi ikapungua kidogo, ile tu ya kutolala nikiongeleshwa. Lakini nywele, wapi.

Sasa, Mama Shiro ako na salon hapa stage. Nywele yake ilikuwa imekatika baada ya kuzaa last born wetu, customer akamuuzia mkebe ya hizo vitamini. Juu ya mkebe kuna picha ya mama ako na nywele mpaka kiunoni. Nikajiambia, hizi nywele zote za huyu mama, mimi naomba tu za kujaza hapa mbele.

Nikaonja moja. Ilikuwa tamu sana. Kesho nikachukua mbili. Mnajua vile hizi vitu huenda.

Mkebe ikaanza kushuka mpaka Mama Shiro akashtuka. Akashuku Njeri, dada yake mdogo, mwenye tunakaa na yeye na anamsaidia salon. Njeri akakataa. Akaapa. Akalia. Mama Shiro akasema kwani nani mwingine kwa hii nyumba anajali nywele, si Baba Shiro na hiyo uwanja yake. Akamwambia mwisho wa mwezi afunge nguo arudi kwao Njoro.

Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo. Nikaongeza sauti ya news.

Siku ya kurudi kupimwa ikafika. Hii ndiyo ilikuwa ya kuamua kama napanda mashine. Nilikuwa nimeambiwa kitu moja: asubuhi hiyo usimeze tembe mpaka damu itolewe, ibebe kwa mfuko umeze baadaye. Hiyo nikashika vizuri.

Lakini mimi na mtihani hatujawahi patana, hata ya damu. Nikaona niongeze bidii. Nikafunga kula, bila kuambiwa na mtu. Supper nikakataa. Asubuhi chai nikakataa. Mama Shiro akaniangalia akadhani nimeokoka upya.

Saa ya kutoka, njaa inanitafuna. Nikaingia choo. Mkebe nilikuwa nimeificha nyuma ya ndoo.

Nikajiuliza: vitamini ni chakula? Nikajijibu: vitamini si chakula. Nikatia konzi moja mdomoni.

Lab tulienda na Mama Shiro, maana alikuwa anataka kununua braids hapo Nakuru. Msichana wa kutoa damu akaniuliza kama nimemeza tembe. Nikasema bado, nikiwa proud sana. Akauliza kama kuna dawa ingine natumia, hata vitamini.

Mama Shiro alikuwa amesimama hapo kando yangu.

Nikasema hakuna.

Akimaliza kutoa damu, huyo msichana akaniambia hata hakukuwa na haja ya kulala njaa, hiyo test haitaki. Nikameza tembe yangu na maji kwa uchungu.

Mchana tukaingia kwa daktari. Ni mama mmoja mtulivu, haongei haraka. Akasoma majibu. Akaniangalia. Akasoma tena.

Akasema kulingana na hii karatasi, hormone imenizidi. Nafaa kuwa natetemeka, moyo inakimbia, nimekonda, usiku sipati usingizi.

Mimi wakati huo nilikuwa napiga miayo.

Akauliza unalala? Mama Shiro akamjibu kwa niaba yangu, kwamba huyu hata kwa hii safari amelalia bega ya abiria mwingine mpaka yule mtu akashuka. Daktari akasema basi hii inamchanganya, lakini majibu yakiwa hivi itabidi apunguze dawa.

Wakuu, hapo nikaona kila kitu. Dawa ikipunguzwa, usingizi inarudi. Usingizi ikirudi, naingia kwa viazi tena. Na Karis na marvin yake wako juu ya kiti yangu.

Daktari akaweka kalamu chini akasema, "Mzee, kabla niandike. Kuna kitu unakula hujaniambia? Hata kama ni kitu ya ujinga."

Kitu ya ujinga. Kwani aliambiwa na nani?

Nikaangalia dirisha. Nikaangalia viatu. Nikaangalia Mama Shiro, alikuwa anahesabu braids kwa paper bag.

Nikasema, "Nakula vitamini ya nywele."

Daktari akauliza ya nani. Sijui alitaka kujua ya nini. Mimi nikasema ya Mama Shiro.

Braids zikaacha kuhesabiwa.

"Baba Shiro," akasema. Huyu ni mwanamke huongea hata akiwa ndani ya dryer, lakini hapo alisema jina yangu tu.

Daktari akauliza nilikula lini mara ya mwisho. Nikasema asubuhi ya leo. Ngapi? Nikamwonyesha konzi.

Daktari alijaribu sana kutocheka. Alichukua tissue akajifanya anapangusa pua.

Ndio akaeleza. Hizo vitamini za nywele na kucha huwa na kitu inaitwa biotin, na huwa nyingi. Ikiwa kwa damu, inachanganya zile mashine zingine za lab. Karatasi inatoka ikisema hormone imezidi na haijazidi. Yaani damu yangu ilikuwa inasema ukweli, ni mimi nilikuwa nimehonga mashine.

Akaniambia niache hizo vitu kwanza, nirudi wiki ijayo atoe damu upya. Tembe niendelee nazo vile vile, nisipunguze wala nisiongeze.

Nje kwa corridor Mama Shiro akanisimamisha. Akatoa simu akapigia Njeri, akaweka loudspeaker, akanipatia. Watu kwa bench wanaangalia.

Nikamwambia Njeri mwizi wa vitamini ni mimi.

Akasema, "Shemeji, na vile nimekuwa nikikufichia nyama."

Hiyo iliniuma kuliko sindano. Nikamwomba msamaha hapo hapo mbele ya bench yote. Mama Shiro akachukua simu akamwambia afungue nguo, haendi mahali. Halafu yeye pia akamwomba msamaha, akiniangalia mimi.

Nilirudi wiki iliyofuata nikiwa msafi. Na hapa ndio msikize. Majibu ya ukweli yalisema hormone bado iko chini. Yaani ningenyamaza, ningepunguziwa dawa na mimi nilikuwa nahitaji kuongezwa. Akaniongeza kidogo, nikarudi kupimwa tena baada ya wiki kadhaa, ikatoka sawa.

Usingizi iliisha, wakuu. Mavuno ikafika na ni mimi nilipanda. Jirani wa viazi alikuja kusimama kwa fence siku nzima, lakini nilimpungia tu mkono.

Nyumbani kesi bado inaendelea. Nikipita salon wale wamama wananiuliza leo natengenezwa style gani. Njeri ananiwekea nyama, lakini anahesabu vipande kwa sauti.

Somo ni hii. Kama unatumia tembe za thyroid na unaenda kupimwa, sema kila kitu unakula. Vitamini, miti shamba, vitu za kutafuna, vitu za kuiba. Uliza mapema kama kuna ya kuacha na uache siku ngapi, na kama tembe ya asubuhi unameza kabla ama baada. Mimi si daktari, mimi navuna ngano. Uliza wako.

Na kama bibi yako ako hapo na unaona haya, ona haya tu, lakini sema.

Wenye wako na hii kitu ya thyroid, wekeni experience zenu hapa chini. Wenye wanataka kunitusi pia nafasi iko, mko nyuma ya Mama Shiro kwa line.

Ah, na Karis.

Nilimwambia hii story yote tukipaka mashine grisi. Alicheka mpaka akakalia tyre. Halafu akaniuliza kama angalau nywele ilimea. Nikainama nikamwonyesha kichwa. Akaikagua sana, hata akaweka tochi ya simu.

Akavua marvin. Mara ya kwanza tangu tujuane. Wakuu, kichwa ilikuwa inang'aa kuliko windscreen.

Akasema, "Boss, sisi tulishafuta msichana wa kazi juu ya hizo vitu kupotea kwa mkebe ya bibi yangu. Sasa nitamrudisha nikisema nini?"