Mashine Iliponyamaza

Juzi nilipeleka alizeti kukamua mafuta kwenye mashine ya Iguguno. Umeme ulipokatika na mashine ikanyamaza, nilijikuta nimemshika mkono mama mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni.

"Vipi, baba, unaanguka?"

"Hapana. Nilidhani wewe ndiye unayeanguka."

Watu walicheka. Mimi nilibaki najiuliza wazo hilo limetoka wapi.

Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni, hapohapo, katika harufu ileile ya mashudu ya moto. Mama yangu alianguka kwenye magunia, na fundi akazima mashine ili watu wasikilizane. Mimi niliamini ukimya ndio uliomwangusha. Nilimvuta fundi shati huku nalia.

"Shikamoo, mjomba! Washa, mama aamke!"

"Marahaba," akajibu, akawasha ili kunibembeleza. Mama akafumbua macho.

Jioni alinieleza kwamba alianguka kwa jua na njaa, na kwamba mashine ilizimwa baadaye. Nilimwelewa vizuri, na sijawahi kuyasahau maelezo yake. Lakini juzi mkono wangu ulimfikia yule mama kabla sijayakumbuka.